Ritani za Kodi na Upimaji wa Akiba za Mikoa

Katika mikutano ya vyama vya ushirika huzuka mara kwa mara hoja kwamba wakulima wa mkoa fulani hawana desturi ya kuweka akiba, na kwamba kwa sababu hiyo chama chao hakistahili kudhaminiwa mkopo wa pembejeo. Msemaji akidaiwa ushahidi, hutaja makusanyo ya kodi ya mkoa huo. Yafaa hoja hiyo ichunguzwe kwa makini, maana yaweza kumnyima mkulima mbolea pasipo kosa lake.

Nchi iliyozitumia sana hesabu za namna hii ni Marekani. Mwaka 1953 mtaalamu wa uchumi Simon Kuznets alitoa kitabu ambamo alitumia takwimu za ritani za kodi kupima sehemu ya kipato na ya akiba iliyokuwa mikononi mwa watu wa kipato cha juu. Siku hizi idara ya kodi ya nchi hiyo huchapisha jumla za kila jimbo, kila kaunti na hata kila eneo la posta: idadi ya ritani, mapato, mishahara, riba na gawio la hisa. Majina ya walipaji hayatolewi.

Ritani haimwulizi mtu ana akiba kiasi gani. Humwuliza amepata riba kiasi gani, na riba ndiyo nyayo za akiba. Tuseme mkoa wa kwanza una ritani 2,000 zenye riba ya jumla ya shilingi 6,000,000, na mkoa wa pili una ritani 6,000 zenye riba ya shilingi 9,000,000. Mwenye haraka atausifu mkoa wa pili. Lakini kwa kila ritani mkoa wa kwanza una shilingi 3,000, na wa pili 1,500. Ikiwa benki hulipa riba ya asilimia 3, basi amana za wa kwanza ni wastani wa shilingi 100,000 kwa ritani, na za wa pili ni 50,000 tu.

Hata wastani huo una hila yake. Kaunti ya Teton, katika jimbo la Wyoming, huwa miongoni mwa zile zenye wastani mkubwa kabisa wa mapato nchini Marekani. Sababu ni matajiri wachache waliohamia huko, ambako jimbo halitozi kodi ya mapato ya watu binafsi. Mhudumu wa hoteli katika kaunti hiyo huingizwa katika wastani huo huo, ingawa mfukoni mwake hamna dalili yoyote ya utajiri.

Mkulima ndiye anayefichwa zaidi na hesabu hizi. Mkulima wa Marekani anayeruhusiwa kuhesabu fedha pale tu zinapopokewa aweza kuyaweka mahindi ghalani mpaka Januari, na mapato yake yakahamia mwaka mwingine wa kodi. Akinunua shamba au trekta kwa faida yake, hiyo ni akiba ya kweli, lakini haizai riba ya kuandikwa katika ritani.

Hapa Tanzania pengo ni kubwa zaidi. Wakulima wadogo walio wengi hawajazi ritani kabisa. Mfanyakazi hukatwa kodi na mwajiri wake, na kodi ya riba hukatwa na benki yenyewe kabla mwenye amana hajalipwa. Kampuni kubwa yenye maghala mikoani huhudumiwa na idara ya walipakodi wakubwa, hivyo kodi yake yaweza kuhesabiwa Dar es Salaam, ingawa mazao yalivunwa mbali na huko. Basi makusanyo ya mkoa huonyesha mahali kodi ilipopokewa. Mkulima aliyeuza kahawa akanunua ng'ombe wawili na mabati ya nyumba hamo katika hesabu hizo.

Ushahidi wake umo katika daftari la chama. Katibu anayetaka kukitetea chama chake na aandike kwa kila msimu, na kwa misimu mitatu angalau, idadi ya wanachama waliouza, uzito wa mazao, malipo yaliyotolewa, hisa zilizonunuliwa na amana zilizobaki hadi mwezi wa kupanda. Mwezi huo usisahaulike: amana zikihesabiwa wiki moja baada ya malipo, kila chama huonekana hodari.