Walinunua Ardhi Isijengwe

Je, unajua kuwa watu wanaweza kununua ardhi ili ibaki wazi? Watu wa mji wa Boulder, jimbo la Colorado, Marekani, walifanya hivyo.

Mji huo uko chini ya milima. Katika eneo moja la mlimani, liitwalo Enchanted Mesa, ilitakiwa kujengwa hoteli kubwa. Wananchi wengi hawakupenda. Lakini ardhi ilikuwa na mwenyewe. Basi mwaka 1962 walipiga kura mji ukope fedha za kuinunua. Hoteli haikujengwa.

Mwaka 1967 walipiga kura tena. Walikubali kulipa kodi ya senti 40 kwa kila dola 100 za bidhaa, ili mji ununue ardhi zaidi. Leo watu hupumzika huko. Wakulima na wafugaji hukodishwa sehemu nyingine.

Sasa tazama kijiji chako. Je, malisho, chanzo cha maji na uwanja wa watoto vimetengwa? Kama bado, lisemeni jambo hili katika mkutano mkuu wa kijiji. Kutenga mapema ni rahisi. Kununua baadaye ni ghali.