Walima Katika Ghala

Kila ufikapo mwezi wa Oktoba korosho huanza kuanguka, na habari za harusi husikika kutoka Mikindani mpaka Msimbati. Vijana wengi siku hizi hawaridhiki na uwanja wa nyumbani wala turubali la mtaani. Wameona picha za harusi za Uingereza na Marekani, zifanywazo wakati wa majani kupukutika, ndani ya viwanda vikuukuu vya matofali. Nao wauliza: Je, sisi hatuna majengo kama hayo?

Jawabu ni kuwa tunayo. Katika miaka ya 1970 serikali ilijenga viwanda vya kubangua korosho katika mikoa yetu hii ya kusini. Vingi vikasimama katika miaka ya 1980, na baadhi yake vikageuzwa maghala. Wala kubadili kazi ya jengo si jambo geni kwetu: boma la Wajerumani la Mikindani, lililojengwa mwaka 1895, lilitengenezwa upya likawa hoteli.

Basi hapana aibu kulisha watu ndani ya ghala. Mtume wetu (s.a.w.) alipomwoa Bibi Safiya, wakiwa njiani kutoka Khaibar, karamu ilitandikwa chini juu ya ngozi, ikawa tende, samli na maziwa yaliyokaushwa. Tena tumefundishwa kuwa chakula kibaya kabisa ni cha walima waitwao matajiri na wakaachwa maskini. Kwa hiyo kipimo cha walima si jengo. Kipimo ni nani aliyekula, na ni nani aliyebaki akidaiwa.

Hapa kwetu deni hilo lina mlango wake. Tangu mwaka 2007 twauza korosho kwa stakabadhi ghalani: mkulima hupeleka magunia, hupewa karatasi, kisha hungoja mnada ndipo alipwe. Karatasi ile si fedha. Mwaka 2018 minada ilikwama kwa ugomvi wa bei, serikali ikatangaza kununua kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na malipo ya baadhi ya wakulima yakachelewa mpaka 2019. Kijana aliyekodi viti, jukwaa na mpambaji kwa kutegemea karatasi, atamlipa nini mwenye mali siku hiyo?

Ama ghala lenyewe, yapasa kutazamwa kabla ya kupambwa. Kwanza, kuanzia Oktoba maghala yenye kazi hujaa magunia. Tafuteni lililo tupu, kwa ruhusa ya mwenyewe. Pili, ulizeni lilifukizwa lini dawa ya wadudu. Hewa ya dawa ile huua mtu, na udi hauiondoi. Asiingie mtu mpaka mjuzi wa kazi hiyo aseme kuwa pamekuwa salama. Tatu, ikiwa palibanguliwa korosho, sakafu isuguliwe vyema, kwa sababu mafuta ya maganda huunguza ngozi, na watoto wetu huketi chini. Nne, milango yote iwe wazi muda wote wa karamu, asije mtu akafunga mmoja kwa kuzuia wazamiaji.

Yakiisha hayo, kupamba ni kazi nyepesi. Kuta za ghala ni tupu na refu, nazo zataka kitambaa. Kila shangazi na kila mama mdogo alete doti mbili za kanga za rangi mliyochagua, zitundikwe kwenye vyuma vya paa, na kesho yake kila mmoja arudishiwe zake. Kanga hizo, pamoja na mikeka na majamvi chini, hupunguza mwangwi wa mabati, hata kasida na dufu husikilizana bila ya vipaza sauti vikubwa. Makuti mabichi yasukwe yawe upinde mlangoni. Lakini msikate mikoko ya mlango wa Ruvuma kwa ajili ya nguzo. Pale ni hifadhi ya bahari tangu mwaka 2000, na ndiko samaki wetu wanakozaliana. Taa ndogo za umeme zipitishwe juu kwa safu. Mishumaa na vyetezo viwekwe mbali na vitambaa. Asumini na mrehani zatosha kwa harufu.

Pazia la kanga litenge upande wa wanawake na upande wa wanaume, kila upande na mlango wake. Na kwa kuwa mabati huwaka mchana, karamu ianze baada ya alasiri. Magharibi itawakuta humo humo, basi mahali pa kuswalia patengwe mapema. Kwetu Mtwara Kibla ki karibu sawasawa na kaskazini, na mikeka itandikwe kuelekea huko.

Tena wapelekewe mwaliko wachukuzi wa magunia na wanawake wabanguao korosho. Wao ndio wanaolijua ghala kwa jasho. Waketi penye mkeka mzuri, wale pilau ile ile anayokula mnunuzi.

Enyi wazazi, fedha mtakayookoa mpeni bibi arusi godoro na masufuria. Harusi ni usiku mmoja. Nyumba ni miaka. Mwenyezi Mungu awabariki maarusi wetu, na atukinge na deni. Amin.