Viti vya chuma barazani: kutu kwanza, rangi baadaye

Nyumba nyingi za Dar es Salaam, Tanga na Mombasa zina viti vya chuma barazani au chini ya mwembe. Jioni wakubwa hupumzikia hapo, watoto hufanyia hapo kazi za shule, na jirani akiwa na shughuli viti hivyohivyo hubebwa kwenda kwake. Lakini hewa ya pwani ina chumvi, na chumvi ikikutana na unyevu huharakisha kutu. Ndiyo maana kiti kilichokaa Dodoma miaka mingi bila shida kinaweza kuchakaa mapema kikihamishiwa Kigamboni.

Sikukuu ikikaribia tunajua kinachofanyika. Linanunuliwa kopo la rangi ya mafuta, anaitwa kijana wa mtaani, na kufikia jioni viti vinang'aa. Miezi michache baadaye rangi imevimba kama malengelenge, ukiigusa inabanduka na kipande cha kutu nyuma yake. Watu huilaumu rangi. Mara nyingi rangi haina kosa. Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma ilichokila, kwa hiyo ikiachwa chini ya rangi na unyevu ukaifikia, huendelea kukua na kuisukuma rangi itoke. Na fundi anayelipwa kwa idadi ya viti hana sababu ya kutumia nusu siku kusugua kimoja. Mwambie mapema kwamba utamlipa kwa kusugua pia, na usiruhusu kopo lifunguliwe kabla hujaona chuma.

Gonga miguu kabla ya yote

Viti vingi vya mtaani hutengenezwa kwa bomba lenye uwazi ndani. Kofia ya mpira ya mguuni ikidondoka, maji ya mvua na ya kudekia baraza huingia ndani, na bomba huanza kuliwa mahali usipopaona. Kwa nje kiti kinaonekana kizima hadi siku mguu unapokunjika mtoto akiwa amesimama juu yake.

Pindua kiti. Gonga kila mguu kwa mpini wa bisibisi, hasa sentimita kumi za chini na pale vyuma vilipounganishwa kwa kuchomelea. Chuma kizima hulia kwa sauti kali, kilichooza hutoa sauti butu. Kisha sukuma ncha ya bisibisi pale penye shaka. Ikizama, hapo hapahitaji rangi, panahitaji kukatwa na kuchomelewa kipande kipya. Rangi itakuficha tu hatari hiyo, na kwa mwenye watoto wadogo mimi naona ni heri kiti kikae na kutu yake kila mtu akione kibovu kuliko kipakwe kionekane kipya.

Kuhusu pepopunda, wazazi wengi wanaamini kutu ndiyo inayouleta. Sivyo. Vijidudu vyake hukaa kwenye udongo, vumbi na kinyesi cha wanyama. Chuma chenye kutu kina mikwaruzo inayoshika uchafu huo, na ncha zake hutoboa ngozi kwa kina, mahali ambapo vijidudu hao hustawi. Mtoto akichomwa, osha jeraha kwa maji mengi na sabuni, kisha mpeleke kituo cha afya pamoja na kadi yake ya kliniki. Kinga ya pepopunda imo katika chanjo anazopata mtoto akiwa na wiki 6, 10 na 14. Mhudumu ataangalia kadi na kuamua kama anahitaji sindano nyingine.

Vumbi la rangi ya zamani

Hapa ndipo mzazi anapaswa kuwa makini kuliko penginepo. Kiti kilichorithiwa kwa bibi, au kilichonunuliwa kwenye samani chakavu za ofisi, kinaweza kuwa na rangi yenye madini ya risasi. Zamani risasi ilitiwa kwenye rangi za mafuta ili zing'ae na zikauke haraka, na ilitiwa pia kwenye rangi za kwanza za kuzuia kutu, zile za rangi ya chungwa. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama. Wanaoumia zaidi ni watoto wadogo, kwa sababu ubongo wao bado unakua, miili yao hufyonza risasi nyingi kuliko ya mtu mzima, na mikono yao haikai mbali na midomo.

Kwa macho huwezi kujua rangi ipi ina risasi. Kwa hiyo kiti usichojua historia yake kichukulie kuwa kinayo. Usikikwangue kikavu, usitumie grenda, wala usichome rangi kwa moto. Tumia msasa wa maji, ukilowanisha chuma muda wote ili vumbi liwe tope badala ya kuruka. Tandaza turubai chini, funika pua na mdomo kwa barakoa inayobana vizuri, na watoto pamoja na mama mjamzito wawe mbali na eneo hilo. Ukimaliza usifagie. Futa kwa tambara bichi, kunja mabaki ndani ya mfuko na uufunge. Nguo za kazi zifuliwe peke yake, si kwenye beseni moja na za mtoto.

Kusugua kwenyewe

Hapa hakuna uchawi. Magamba makubwa hutoka kwa brashi ya waya, kisha unashuka na msasa namba 80, halafu 120 au 180 kulainisha. Fuata viungo vya kuchomelea kwa subira, maana kutu hurudi haraka zaidi hapo. Unatafuta chuma cha kijivu kinachong'aa. Vidoa vyeusi vilivyobaki ndani ya vishimo vinaweza kupakwa dawa ya kugeuza kutu, inayouzwa katika baadhi ya maduka ya vifaa vya ujenzi, lakini dawa hiyo haifai kitu juu ya magamba.

Bolti, bawaba na vipande vidogo vyako viachie siki. Viloweke usiku kucha, asubuhi kutu itatoka kwa brashi ya meno iliyochakaa. Sehemu kubwa unaweza kuizungushia tambara lililolowa siki na kulifunika kwa nailoni. Baadaye osha kwa maji yenye magadi kidogo ili kuua ukali wa siki, suuza, kausha kwa kitambaa na uanike juani. Usimimine siki ndani ya bomba la kiti, kwani hutaweza kulikausha. Na kamwe usichanganye siki na jiki: hutoa gesi ya klorini inayounguza mapafu.

Chuma kilicho wazi hakisubiri. Kwenye unyevu wa pwani kinaweza kuanza kuwa chekundu siku hiyohiyo, kwa hiyo kifute kwa tambara lenye tina na upake rangi ya kwanza ya kuzuia kutu kabla ya jua kuzama. Ipake hadi chini ya kiti na ndani ya kona. Wengi huruka hatua hii kuokoa pesa ya kopo moja, nami sioni walichookoa. Ikikauka kwa muda ulioandikwa kwenye kopo, paka rangi ya mafuta mara mbili, nyepesinyepesi. Dukani omba rangi ambayo kopo lake limeandikwa kuwa haina risasi.

Epuka masika na vuli. Kipupwe kuanzia Juni ni kizuri zaidi, chuma kikiwa kikavu na jua si kali mno. Rangi ikikauka juu, ndani bado ni laini, hivyo viti vikae siku kadhaa penye hewa, mbali na watoto. Kisha rudisha kofia za mpira kwenye kila mguu. Zisipopatikana dukani, kata vipande vya mpira wa ndani wa baiskeli na uvifunge kwa waya, ncha za waya zikielekea ndani.