Mtoto Mkimya Naye Ana Kipaji

Jioni moja hapa Bariadi nilimgombeza binti yangu. Wenzake walikuwa wakiimba na kucheza uani, naye amejikunyata nyuma ya jiko akichora chini kwa kijiti. "Mbona wewe hufanani na watoto wa wenzangu?" nilimwuliza. Akafuta mchoro wake kwa mguu. Kwa miezi mingi hakuchora tena mbele yangu.

Akina mama wenzangu, sisi wauguzi twaona tangu wodi ya wazazi kwamba watoto hawafanani. Huyu hulia kwa nguvu, yule hutulia. Wagiriki wa kale walidhani tabia hutokana na majimaji manne ya mwili: damu, makohozi, nyongo ya manjano na nyongo nyeusi. Wengine wakasema mwenye nyongo nyeusi, yaani mwenye huzuni, ndiye mwenye kipaji. Utabibu umekwisha kuyaacha mafundisho hayo.

Siku hizi wataalamu wengi wa saikolojia hugawa tabia katika mafungu makubwa matano. Linaloambatana zaidi na ubunifu ni lile la kupenda kujua, kuwaza na kujaribu mambo mapya. Mkimya aweza kuwa nalo, na mchangamfu vilevile.

Tazama ngoma zetu za Usukuma. Baada ya mavuno, Bagika na Bagalu hushindana. Ningi, mtunzi na kiongozi wa nyimbo, husimama mbele ya umati bila haya. Lakini angeimbia nini kama hakuna fundi aliyeketi peke yake akiwamba ngozi? Naye Edward Saidi Tingatinga (1932–1972) hakusomea uchoraji. Mwishoni mwa miaka ya 1960, Dar es Salaam, alijaribu tu rangi za baiskeli juu ya vipande vya ubao. Leo mtindo ule unaitwa kwa jina lake.

Basi, mama, usimlinganishe mtoto na wenzake. Mwulize, "Hapa umewaza nini?" kisha msikilize. Ila mtoto aliyekuwa mchangamfu akinyamaza ghafula, akaacha kula na kucheza, mpeleke kituo cha afya; huo si ukimya wa kuzaliwa.

Mimi nilimwomba binti yangu msamaha, nikamnunulia daftari na penseli. Juzi alinionyesha ng'ombe wa babu yake. Pembe zilikuwa ndefu kupita kiasi. Nilimwuliza kwa nini.

"Ndivyo ninavyowaona nikiwaogopa, mama."