Mama, Jiandae Kabla ya Kuvuka Kwenda Wasini

 

Shule zikifungwa au Idi ikikaribia, familia nyingi za Diani, Ukunda na Msambweni hupanga safari ya kisiwa cha Wasini. Wengine huenda kuwaona jamaa, wengine kutazama pomboo wa Kisite. Safari hiyo ni njema. Lakini leo tuulizane: mtoto akianza kuharisha usiku tukiwa kisiwani, tutafanya nini?

Kutoka Wasini huvuki bila mashua. Ukifika Shimoni, kuna safari nyingine ya gari kupitia Ramisi hadi hospitali kubwa ya Msambweni. Usiku vyombo ni vichache, na kusi ikivuma bahari huchafuka. Mtoto mdogo anayeharisha na kutapika anaweza kuishiwa na maji mwilini kwa saa chache tu. Ndiyo sababu tunajiandaa tukiwa nyumbani.

Kwanza ni maji. Wasini haina mto. Kwa miaka mingi wenyeji wametegemea maji ya mvua wanayoyahifadhi majabiani, na mengine kuletwa kwa mashua. Waulize wenyeji wako mapema maji ya kunywa yanatoka wapi. Beba yako yaliyochemshwa au kutiwa dawa, katika mtungi safi wenye kifuniko. Beba na sabuni ya kunawia mikono. Mtoto wa chini ya miezi 6 hahitaji maji ya kunywa hata kukiwa na joto kali. Mnyonyeshe mara kwa mara, maziwa yako yanamtosha.

Pili ni dawa. Kabla ya safari, pitia zahanati uombe pakiti za ORS na tembe za zinki. Changanya ORS kwa kiasi cha maji safi kilichoandikwa kwenye pakiti. Usitumie maji ya bahari kamwe, wala usiongeze chumvi, kwani chumvi nyingi humdhuru mtoto. Mpe kidogo kidogo kwa kijiko au kikombe kila anapoharisha. Akitapika, ngoja dakika 10, kisha endelea polepole. Iliyobaki baada ya saa 24, imwage. Anayenyonya aendelee kunyonya, na anayekula aendelee kula. Zinki hutolewa kila siku kwa siku 10 hadi 14, hata kuharisha kukikoma. Muulize muuguzi kipimo cha umri wa mtoto wako.

Tatu, beba chandarua chenye dawa na kitabu cha kliniki. Malaria ipo huku kwetu Pwani. Mtoto akipata homa, apimwe siku hiyo hiyo. Usimpe dawa za malaria zilizobaki nyumbani.

Nne ni mashua. Kila msafiri avae jaketi la kuelea, na la mtoto liwe la kimo chake. Mashua ikijaa kupita kiasi, ngojeni nyingine. Kisha chukua nambari ya simu ya nahodha anayeweza kuwavusha hata usiku, na uweke akiba ya nauli ya kurudi.

Sasa sikiliza dalili za hatari: mtoto amelegea au ni vigumu kumwamsha, macho yamezama, hawezi kunywa wala kunyonya, anatapika kila kitu, ana damu kwenye choo, au amepata degedege. Ukiona hata moja, mpeleke kwa mhudumu wa afya mara moja, ukiendelea kumpa ORS njiani ikiwa anaweza kunywa. Na kama jua linatua na mtoto hana nafuu, usingoje asubuhi. Vukeni kabla ya giza.

Baba na shangazi nao wajue dalili hizi, maana huenda wao ndio watakaokuwa na mtoto. Tukutane wiki ijayo. Safari njema, na kwaherini.