Je, Wajua? Koti la Maabara Jukwaani

Je, wajua kwamba albamu ya *Urban Bushmen*, yenye santuri mbili, ilirekodiwa mbele ya hadhira? Ilikuwa Mei 1980 mjini Munich, Ujerumani. Wapigaji walikuwa Art Ensemble of Chicago, vigogo wa jazi ya majaribio kutoka Marekani. Kampuni ya ECM iliitoa mwaka 1982.

Walikuwa watano tu, lakini kundi hili lilizoea kulijaza jukwaa: saksofoni, tarumbeta, besi, ngoma, na zile walizoziita ala ndogo, yaani kengele, filimbi, gongo, hata honi za baiskeli. Kwao, kengele moja ilistahili kusikilizwa kama tarumbeta, na kimya nacho kilipewa zamu yake. Hapo ndipo uzuri wao ulipo.

Joseph Jarman, Malachi Favors na Famoudou Don Moye walikuwa wakipanda jukwaani nyuso zimepakwa rangi. Lester Bowie, mpiga tarumbeta, alivaa koti jeupe la maabara, kama mtafiti wa sauti. Roscoe Mitchell? Nguo zake za kawaida. Santuri haionyeshi hayo yote. Masikio ndiyo yanayobaki kuyawaza.