Barua za Mwananadharia wa Muziki kama Kumbukumbu za Taifa: Klaus Wachsmann na Funzo kwa Kasese

Utangulizi

Makala haya yanajadili nafasi ya barua katika historia ya nadharia ya muziki nchini Uganda, kwa kumrejelea Klaus Wachsmann (1907–1984). Hoja yake kuu ni kwamba rekodi ya muziki inayorejeshwa nyumbani bila barua na madaftari yaliyoandamana nayo, imerudi nusu. Hoja hiyo ina uzito wa pekee katika wilaya ya Kasese. Huko, barabara ya kwenda Bwera na Mpondwe huchepuka Kikorongo, na muziki wa Wakonzo huvuka mpaka hadi kwa ndugu zao Wanande wa Kongo.

Kipimo na Mazingira Yake

Wachsmann, mzaliwa wa Berlin, alifika Uganda katika miaka ya 1930, na kuanzia 1948 hadi 1957 alikuwa mhifadhi wa Makumbusho ya Uganda. Kati ya 1949 na 1954 alirekodi muziki katika sehemu nyingi za nchi. Mwaka 1950 jarida la Nature lilichapisha taarifa yake fupi kuhusu kinubi cha Kiganda kilichotuniwa kwa hatua zinazolingana. Oktava nzima ina senti 1,200 za kipimo cha sauti. Ikigawanywa sawasawa kwa tano, kila hatua huwa na senti 240.

Namba husafiri kwa wepesi kuliko mazingira yake. Msomaji wa taarifa fupi huipata 240, lakini nani alituni ala, alisikiliza nini alipokuwa akikaza nyuzi, na tofauti ndogo alizihesabu kuwa kosa au mtindo, ni maswali ambayo nafasi ya jarida haiyatoshi.

Aina Tatu za Barua

Barua za mwananadharia hujaza pengo hilo kwa njia tatu. Zile za wachapishaji huonyesha kilichofupishwa au kuachwa ili makala yachapishike. Zile za wakutubi na wahifadhi hueleza santuri ipi ilipewa namba ipi na kwa jina la kabila gani. Hapo ndipo kosa la orodha huzaliwa na ndipo linapoweza kusahihishwa. Zile za marafiki hubeba shaka, yaani dhana ambazo mwandishi hakuwa tayari kuzitetea hadharani. Anayesoma kitabu pekee hukutana na hitimisho. Anayesoma barua huiona njia iliyofikisha huko.

Hali ya Kasese

Katika Kasese, suala hili halihusu endara, marimba ya Wakonzo, pekee. Mwaka 1982 Peter Cooke, mtaalamu wa muziki, na Martin Doornbos, mtaalamu wa siasa, walichapisha katika jarida la Africa utafiti kuhusu nyimbo za upinzani za Rwenzururu, harakati iliyojitenga na utawala wa Toro katika miaka ya 1960. Wimbo wa namna hiyo ni muziki na pia ni ushahidi wa kisiasa. Bila maelezo ya nani aliuimba, mbele ya nani na kwa ruhusa gani, mtafiti wa leo anaweza kuufasiri vibaya, au kuwafichua watu ambao jamaa zao wangali hai.

Zaidi ya hayo, eneo hilo lilikuwa sehemu ya Toro hadi 1974. Kwa hiyo anayetafuta barua za kiutawala zinazowahusu Wakonzo kabla ya mwaka huo hana budi kuanzia Fort Portal, si Kasese.

Hitimisho na Mapendekezo

Chuo Kikuu cha Makerere kina hifadhi ya muziki yenye jina la Wachsmann, inayotunza nakala za kidijitali za rekodi zake kutoka Maktaba ya Uingereza. Hatua hiyo ni msingi wa kujengea. Makala haya yanapendekeza mambo matatu: kwanza, mikataba ya urejeshaji itaje barua na madaftari, si sauti pekee; pili, orodha zihakikiwe na wasemaji wa Lukonzo wa pande zote mbili za mpaka; tatu, barua zinazotaja waimbaji wa nyimbo za kisiasa zifunguliwe baada ya kushauriana na familia zao. Gharama ya kunakili karatasi ni ndogo ikilinganishwa na hasara ya kuwa na sauti isiyo na mwenyewe.